Majani Yamelegea, Ua Limekataliwa: Kutatua Matatizo ya Primula za Maonyesho

Anayekuza primula, mimea midogo ya maua ya nchi za baridi, kwa ajili ya maonyesho husumbuliwa na matatizo ya aina mbili, yaani mmea unaougua, na mmea wenye siha njema unaotoa ua ambalo jaji hupita bila kulitazama mara ya pili. Yote mawili yana tabia moja inayowapoteza wengi: dalili huonekana muda mrefu baada ya chanzo chake. Jani hulegea wiki kadhaa baada ya mizizi kuanza kuliwa, na doa linaloonekana kwenye ua siku ya hukumu huenda lilitokana na tone la maji la siku kumi zilizopita. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na kile ambacho jicho linakiona, kisha unarudi nyuma hadi kwenye asili yake. Mifano mingi inahusu orikula, primula yenye majani mazito ambayo asili yake ni milima ya Alps, kwa kuwa ndiyo inayokuzwa chunguni mwaka mzima na kuhukumiwa kwa ukali kuliko nyingine zote. Poliantha, yaani primula chotara zinazobeba shada la maua kwenye kikonyo kimoja, na primula za bustani zitatajwa pale tabia zao zinapokuwa tofauti.

Kabla ya dawa yoyote, toa mmea chunguni

Pitisha vidole viwili pande zote mbili za shingo ya mmea, pindua chungu juu chini, kisha gonga ukingo wake taratibu kwenye pembe ya meza. Ikiwa mizizi ni mizuri, bonge la udongo litateleza na kutoka likiwa zima. Mizizi yenye afya ni myeupe au ya rangi ya maziwa, ni migumu kiasi, wala haikatiki inapovutwa kidogo. Mizizi iliyokufa huwa ya kahawia, na ganda lake huchomoka kama soksi likiacha uzi mwembamba mkononi. Kazi hii haichukui hata dakika mbili, na kwa maoni yangu ina thamani kuliko chupa yoyote ya dawa iliyoko rafuni. Wengi huogopa kuusumbua mmea, hasa unapokaribia kutoa maua, lakini orikula haidhuriki kwa kutazamwa hivyo mradi bonge lisivunjwe na lirudishwe chunguni mara moja.

Majani yamelegea ilhali udongo una unyevu

Hii ndiyo dalili inayoua mimea mingi zaidi, na inaiua kwa sababu mkulima anapoona jani limelegea hukimbilia maji. Mmea uliolegea juu ya udongo mbichi haukosi maji. Umekosa mizizi ya kuyanywea, na kuongeza maji ni kuozesha hata kidogo kilichobaki.

Shika majani kwa pamoja karibu na shingo, uyainue kwa upole. Yakinyanyuka yote bila upinzani, kana kwamba yaliwekwa tu juu ya udongo, mshukiwa wa kwanza ni buu wa fukusi mweusi, Otiorhynchus sulcatus. Mwaga udongo juu ya gazeti, uuchambue kwa kijiti, nawe utamkuta: ana rangi ya maziwa, kichwa cha kahawia, hana miguu, amejikunja kama herufi C, na akikomaa hufikia urefu wa takriban milimita 10. Fukusi mzima hutoka usiku na kukata ukingo wa majani kwa meno, akiacha nusu duara zilizochongoka kama tundu la ufunguo. Alama hizo zikionekana katika majira ya joto, usingoje majani yalegee, kwa maana mayai yamekwisha kutagwa. Kuna jambo moja linalofanya mdudu huyu awe balaa: wote ni majike na huzaa bila dume, kwa hiyo fukusi mmoja aliyeingia na chungu cha kununua anatosha kuanzisha ukoo mzima.

Tiba inayoaminika ni minyoo midogo ya nematodi, ambayo huchanganywa na maji na kumwagiwa kwenye udongo mwishoni mwa majira ya joto hadi mwanzoni mwa majira ya mapukutiko, wakati mabuu wakiwa bado wadogo. Joto la udongo ndilo linaloamua aina ya nematodi: Steinernema kraussei hufanya kazi hata kwenye nyuzi 5 za Selsiasi, ilhali aina za Heterorhabditis huhitaji karibu nyuzi 12. Anayezimwaga kwenye udongo mkavu au wenye baridi kupita kiasi amemwaga fedha yake. Usiku, tochi na subira pia ni silaha. Ukizungukia vyungu saa tatu au saa nne utawakamata fukusi wakila, na kila mmoja unayemponda ni mamia ya mayai yaliyozuiwa.

Mmea uliopoteza mizizi yote bado si wa kutupwa. Kata shina hadi kwenye nyama safi, ondoa majani makubwa ya nje, kisha uusimike kwenye mchanga mkavumkavu wenye kokoto ndogo, kando kabisa ya chungu kidogo cha udongo, mahali penye kivuli. Mara nyingi mizizi mipya huchomoza ndani ya wiki chache.

Ikiwa hakuna buu yeyote, chunguza shina nene lililo chini ya majani, ambalo wakuzaji wa Uingereza huliita karoti kwa umbo lake. Likibonyea chini ya kidole, limeoza. Likate vipande vyembamba kuanzia chini kwenda juu, ukifuta kisu kwa spiriti baada ya kila mkato, hadi ufike mahali ambapo nyama yote ni nyeupe yenye ukijani bila hata nukta moja ya kahawia. Hapa ndipo watu huonea mmea huruma na kuacha doa dogo libaki, na doa hilo ndilo linaloumaliza. Paka unga wa salfa au wa mkaa kwenye jeraha, liache likauke kwa siku moja, kisha panda upya. Chanzo cha kuoza huku karibu kila mara ni chungu kikubwa mno au udongo usiopitisha maji. Orikula iliyokomaa huridhika na chungu chenye kipenyo cha sentimita 9 hivi. Ukiipa nafasi kubwa zaidi, udongo ambao mizizi haijaufikia hubaki umelowa majira yote ya baridi.

Kwa poliantha na primula zilizopandwa ardhini kuna uwezekano wa tatu ulio mbaya zaidi. Pasua mzizi kwa urefu kwa wembe. Ikiwa nje ni mweupe lakini uzi wa katikati ni wa kahawia, na ncha zake zimeoza, huo ni ugonjwa wa kiini cha kahawia unaoletwa na Phytophthora primulae. Hauna dawa. Ng'oa na uchome mmea, wala usipande primula ya aina yoyote mahali hapo kwa miaka mingi, kwa kuwa kimelea hicho hudumu udongoni.

Mwisho kuna ulegevu usio na hatari: mmea unalegea mchana wa jua kali na kusimama tena usiku. Huo ni uchovu wa joto. Uhamishie upande wenye kivuli na upepo, uuache.

Pamba nyeupe shingoni na kwenye mizizi

Vidukari wa mizizi wa orikula hujifunika kwa nta nyeupe inayofanana na pamba, na mtu anayewaona kwa mara ya kwanza hudhani amepoteza mkusanyiko wake wote. Kwa kweli mmea wenye nguvu huwavumilia kwa muda mrefu. Wanaoumia ni mimea michanga na ile iliyokosa maji, kwa kuwa wadudu hawa hupenda udongo mkavu. Usichanganye pamba hiyo na unga wa asili wa mmea. Unga wa orikula uko kwenye majani, vikonyo na maua, ni mkavu, na hufutika kwa kidole kama poda. Pamba ya vidukari iko shingoni, kwenye mizizi na kwenye kuta za ndani za chungu, nayo hunata. Osha mizizi kwa maji yenye sabuni laini, wadudu wa shingoni waguse kwa brashi iliyochovywa katika spiriti, panda upya kwenye udongo mpya, na kiunguze chungu cha zamani kwa maji ya moto kabla ya kukitumia tena.

Majani yanageuka manjano

Swali la kwanza ni la majira. Orikula inapoingia kwenye baridi hupoteza majani ya nje moja baada ya jingine na kujikunja hadi kubaki kitufe kidogo, jambo ambalo limewafanya wageni wengi wa kazi hii kutupa mimea mizima. Wakati huo maji yapunguzwe mpaka udongo uwe na unyevu wa kuhisiwa tu. Jani lililokufa livutwe kwa kando. Likitoka kwa urahisi limeiva, likigoma liache, kwa sababu jeraha bichi ndilo mlango wa ukungu wa kijivu. Ukungu huo hupenda hewa iliyotuama na baridi yenye unyevu, hivyo madirisha ya banda yabaki wazi hata katika majira ya baridi. Mmea huu hauogopi theluji, unaogopa kufungiwa.

Njano inayotokea katikati ya majira ya ukuaji, ikiacha mishipa ya jani kuwa ya kijani, huonyesha kwamba mmea haupati madini ya chuma, ama kwa sababu maji na udongo vina chokaa nyingi, ama kwa sababu mizizi imezama. Maji ya mvua husaidia katika hali ya kwanza, na kupanda upya katika ya pili. Mabaka ya kahawia yaliyozungukwa na njano kwenye poliantha ni kazi ya kuvu ya Ramularia, na kuondoa majani yenye mabaka kwa kawaida kunatosha. Vidoadoa vidogo vya kufifia pamoja na utando mwembamba chini ya jani, katika joto kavu, ni utitiri mwekundu. Mabaka ya kijani kilichopauka yasiyo na mpangilio, yakiambatana na majani yaliyopinda na mmea kudumaa, ni virusi, na hapo sina ushauri mwingine isipokuwa moto, hata kama ni aina uliyoitafuta kwa miaka mitano.

Mmea mzuri usiotoa maua

Mara nyingi umelishwa vibaya. Naitrojeni nyingi hutoa majani mapana ya kupendeza na shada dogo. Mbolea yenye potasiamu, iliyozimuliwa kuliko maelekezo ya paketi, huanza kutolewa majani yanapofunguka mwishoni mwa baridi. Sababu nyingine ni kuacha machipukizi mengi yakizunguka mmea mama na kugawana nguvu zake. Iko pia ile ya mmea kutoa shada katika majira ya mapukutiko. Shada hilo likitokea, ondoa maua lakini uache kikonyo kinyauke chenyewe, kwa maana ukikivunja chini unaweza kuozesha kitovu cha mmea. Primula iliyolelewa ndani ya nyumba yenye joto majira yote ya baridi nayo isilaumiwe. Imekoseshwa baridi inayohitaji.

Ua limefunguka, lakini halifai mezani

Hapa ndipo penye utata mkubwa, kwa sababu baadhi ya kasoro zimo katika damu ya mmea na hakuna mkono utakaozirekebisha, ilhali nyingine ni za mkuzaji mwenyewe. Kuzitenganisha mapema huokoa miaka.

Tazama kwanza mrija wa katikati ya ua. Ukiona stameni, yaani viungo vya kiume vyenye chavua, zimejaa mdomoni, ua lina sifa ya kwanza ya maonyesho. Ukiona kijidude cha kijani kama kichwa cha pini kimesimama katikati, hiyo ni stigma ndefu, yaani ncha ya kiungo cha kike, na ua hilo litaondolewa shindanoni hata likiwa na uzuri wa namna gani. Umbile hili la aina mbili ndilo alilolieleza Charles Darwin mwaka 1862, akionyesha kwamba linahimiza uchavushaji kati ya mimea tofauti. Ni la kurithi, kwa hiyo hakuna mbolea wala hali ya hewa itakayoligeuza. Anayepanda mbegu zake mwenyewe kutokana na kuchavusha aina hizo mbili ategemee takriban nusu ya miche kuwa na kichwa cha pini, na aipeleke bustanini bila majuto.

Kisha tazama pasti, yaani duara jeupe la unga uliogandamana kuuzunguka mrija katika orikula za maonyesho. Pasti yenye nyufa, vishimo au madoa imeguswa na kitu: tone la umande lililodondoka kutoka kwenye kioo cha banda, mguu wa nyuki, au ncha ya kidole. Haitengenezeki. Ndiyo maana orikula hizi hukuzwa chini ya paa tangu vitufe vya maua vinapoonekana, humwagiliwa kwenye ukingo wa chungu kwa kopo lenye mdomo mwembamba, na madirisha huwekewa wavu wa kuzuia nyuki. Majukwaa ya kale ya kuonyeshea orikula, kama lile lililohifadhiwa Calke Abbey huko Derbyshire, yalijengwa na paa kwa sababu hiyo hiyo. Fahari ilikuwepo, lakini mvua ndiyo iliyokuwa ikikimbiwa.

Katika orikula zenye ukingo, jaji anataka kuona mrija wa manjano, pasti, rangi ya mwili (duara linalozunguka pasti) iliyo karibu na nyeusi, na ukingo, kila kimoja kikiwa na upana unaokaribiana na mwenzake. Ukingo huo ni wa ajabu kidogo, kwani ni tishu ya jani iliyochukua nafasi ya petali, nao hugawanywa kwa kiasi cha unga: kijani usiokuwa na unga kabisa, kijivu wenye unga kiasi, na mweupe uliofunikwa. Tatizo linaloudhi ni mmea wa ukingo wa kijani unaokutwa na chembe za unga ukingoni. Angalia jirani zake kabla ya kuulaumu, kwa kuwa unga husafiri kwa upepo, kwa mikono ya mkuzaji, na kwa mtikisiko wa gari. Chembe moja moja huondolewa kwa brashi laini iliyolowa kidogo sana, na kazi hiyo ifanywe na mtu asiyekuwa na haraka. Lakini ikiwa unga unarudi kila mwaka mahali palepale, mmea ndivyo ulivyo. Vivyo hivyo rangi ya mwili inapopenya ukingo na kufika nje: mwaka mmoja ni bahati mbaya, miaka mitatu ni tabia.

Orikula za kundi la Alpine hazina unga wala pasti. Sifa yao ni kitovu cha dhahabu au cheupe na petali zinazokolea karibu na kitovu kisha kufifia kuelekea ukingoni. Ukifika mezani na petali za rangi moja iliyopauka, uliacha jua la mchana lizifikie. Kivuli katika siku kumi za mwisho hutunza mpishano huo wa rangi.

Poliantha zenye utepe wa dhahabu huhukumiwa kwa utepe huo: uzunguke kila petali na kuteremka katikati yake hadi kitovuni, usikatike, na uwe na rangi ileile ya kitovu. Utepe uliokatika au ulionenepa upande mmoja ni urithi. Teua miche mingine.

Shada lililosongamana, maua yakipandana mabega, ni kosa la mkuzaji. Kwa kibano chembamba ondoa vitufe vya katikati na vile vidogo vilivyochelewa, vikiwa bado vimefumba, ili vilivyobaki vifunguke vikiwa bapa na kwa wakati mmoja. Kila shindano lina idadi ya chini ya maua yanayotakiwa katika shada. Isome kabla ya kushika kibano, maana kitufe kilichotoka hakirudi. Vipande vya pamba vikiwekwa kati ya vikonyo hushikilia maua mahali pake, na huondolewa kabla ya hukumu. Shada lililoinama upande mmoja limefuata mwanga: geuza chungu robo ya mzunguko kila siku tangu kikonyo kinapoanza kurefuka.

Kuhusu muda, maonyesho ya orikula ya Uingereza hufanyika zaidi mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei. Shada linalowahi lihamishiwe upande usiopata jua na wenye ubaridi. Linalochelewa lisogezwe karibu na kioo na joto kidogo, lakini si joto la ghafla, kwa maana huinua kikonyo na kudhoofisha petali.

Mbegu hazioti

Mara nyingi zimezikwa na zimepashwa joto. Mbegu za primula huhitaji mwanga, kwa hiyo zitandazwe juu ya udongo na kufunikwa kwa kokoto laini tu, na joto linapozidi nyuzi 20 nyingi hugoma. Mbegu mbichi za mwaka huohuo huota vizuri kuliko zilizokaa. Zilizokaa zipitishwe kwenye wiki kadhaa za baridi kwanza.

Mikono inawasha

Anayepatwa na upele mwekundu unaowasha kwenye vidole na viganja, na wakati mwingine usoni baada ya kujigusa, achunguze kama kati ya vyungu vyake kuna Primula obconica, ambayo vinyweleo vyake vina kemikali iitwayo primini. Upele huweza kutokea siku moja au mbili baada ya kuushika mmea, na ndiyo sababu wengi hulaumu sabuni au mbolea. Vaa glavu, osha mikono kwa maji mengi na sabuni mara baada ya kazi, usijifute uso kwa mkono uliotoka chunguni, na unaponunua tena uulize aina zilizozalishwa bila primini.